Nimeiga meza ya Nakashima imepasuka katikati, je niache kuangalia mafundi wa nje?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 26, nina karakana ndogo Arusha upande wa Mbauda, useremala nimejifunza kwa mzee mmoja miaka minne. Mwaka jana nilianza kuangalia picha na video za mafundi wakubwa wa nje, hasa Nakashima na yule Maloof wa viti vya kutikisika, nikasema na mimi nitoke kwenye vitanda na makabati ya kila siku. Nikapata oda ya meza ya chakula ya slabu moja, yaani ubao mmoja mzima mpana. Nilinunua grevilea kwa mtu wa chenso, unene sentimita 6, upana 75, nikaianika juani wiki tatu, nikaweka vile vipepeo vya mninga, vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo vinavyochomekwa kwenye ubao, nikapiga epoksi na vanishi, nikaifunga na bolti kwenye fremu ya chuma. Hata miezi miwili haijaisha imepasuka kutoka kichwani mpaka karibu nusu na imejikunja kama mtumbwi. Mteja anataka laki nne na nusu yake. Fundi aliyenifundisha ananicheka, anasema wale wazungu wana mashine zao na mbao zao, sisi tubaki na yetu. Sasa kuna mama mwingine anataka kiti cha kutikisika kwa ajili ya mama yake mzazi, kama cha Maloof. Niache kuwafuatilia hawa watu? Na kuiga kazi ya mtu sio wizi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Swali lako nimelisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi hapa Majengo, Moshi, nikacheka, ila usinielewe vibaya, nilikuwa najicheka mimi. Mwaka 1994 nilifunga milango sita ya saipresi mbichi kwenye nyumba ya mzee mmoja huko Marangu. Niliifunga mwezi wa tano mvua bado zinapiga, ikakaa imebana vizuri kabisa, nikalipwa nikaondoka naimba. Mwezi wa pili mzee akaniita, nafika nakuta kati ya ubao na ubao mwanga unapita, ukisimama sebuleni unamwona ng'ombe nje anacheua. Mzee wa watu hata hakufoka, alinikaribisha mbege tukanywa kwanza halafu ndo akaniuliza, "Fundi, hii milango ni ya kufunga au ya kuchungulia?" Nilirudia yote sita kwa hela yangu. Kwa hiyo tunaongea kama watu wawili waliopigwa na mjeledi mmoja.

Umeniuliza vitu kama vitatu vimesukwa pamoja, meza imekufa na mteja anadai, fundi wako anakwambia uachane na hao watu, na wewe mwenyewe ndani kuna kasauti kanakwambia labda unaiba. Ntaanza na meza maana ndo inayouma sa hivi.

Meza yako haikupasuka kwa sababu uliiga mtu wa nje. Imepasuka kwa sababu ilikuwa mbichi na uliifunga mikono na miguu. Ubao ukiuangalia kwa karibu ni kama fungu la mirija midogo sana iliyosimama pamoja, na maji yanakaa sehemu mbili, kuna yale yaliyomo ndani ya mrija kama maji kwenye kikombe na kuna yale yaliyonywewa na ukuta wa mrija wenyewe. Ukianika ubao, ya kwenye kikombe ndo yanatoka kwanza, na hapo ubao unapungua uzito tu, upana unabaki palepale, wewe unafurahi unasema unakauka bila shida. Unyevu ukishashuka kwenye asilimia 28 au 30 hivi ndipo kuta zinaanza kuachia maji yao, na ukuta ukiachia maji unasinyaa. Hapo ndo mbao inaanza kutembea. Na wengi wanashangaa nikiwaambia hili: kwa urefu haisinyai karibu kabisa, kwa upana ndo inasinyaa, na ukifuata mzunguko wa pete za mti inasinyaa karibu mara mbili ya ile ya kutoka gome kwenda moyoni. Mbao nyingi tunazozijua, kutoka ubichi mpaka kukauka kabisa, zinapoteza asilimia 5 mpaka 10 kwa huo upande wa mzunguko. Sasa wewe una upana wa sentimita 75, chukulia imepungua asilimia 3 tu, hizo ni sentimita mbili na zaidi. Zitatoka wapi wakati bolti zako zimeshika kingo zote mbili na chuma hakisinyai? Ubao ukitaka kusogea ukakuta umefungwa unajichana wenyewe, na hauchanikii pembeni, unachanikia pale ulipo dhaifu, katikati.

Na huu mkunjo wa mtumbwi unaniambia kitu kingine. Kwa upana huo kwenye mti wa shambani nina hakika karibu yote kwamba mtu wa chenso alikukatia ya katikati au jirani yake, na wewe ukalaza upande wa moyo chini. Zile pete zikikauka ni kama zinataka kunyooka, kwa hiyo upande wa gome unaingia ndani kingo zinapanda juu. Kama moyo wenyewe, lile doa dogo la katikati kabisa, umo ndani ya slabu basi ufa ulikuwa lazima hata ungeikausha miaka mitano. Slabu yenye moyo unaichana katikati, unatoa vidole viwili vitatu vya moyo unatupa jikoni, unaunganisha upya. Inauma kuharibu upana mzuri namna ile, najua.

Wiki tatu juani nazo, mdogo wangu, jua ndo adui mkubwa kuliko mvua! Linakausha ngozi haraka, ndani bado kubichi, ngozi inasinyaa juu ya tumbo ambalo halijasinyaa, nyufa zinaanzia hapo. Mbao inakaushwa kivulini penye upepo, fito kavu katikati ya ubao na ubao kila nusu mita hivi na zipangane mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, vichwa unapaka rangi ya mafuta au nta siku ileile imekatwa maana vichwani maji yanakimbia haraka kuliko popote, halafu juu unaweka mawe. Mafundi wa zamani wanahesabu kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Wewe ulikuwa na inchi mbili na zaidi ukaipa siku ishirini na moja.

Usibahatishe kwa kugonga na kidole wala kwa kunusa. Kama huna hela ya kipima unyevu chukua mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo ndani ya ubao, usikate kichwani, pima upate labda gramu 168. Kiweke kwenye oveni nyuzi 103 au karibu na hapo, kila baada ya saa kadhaa pima, mpaka uzito ugome kushuka, tuseme umegomea 140. Zimetoka gramu 28, gawa kwa 140, unapata asilimia 20. Ubao wa asilimia 20 ni wa kupaulia, huo sio wa meza ya ndani. Kwa hali ya hewa yetu ya Arusha na Moshi subiri ifike 12 au chini kidogo. Mke wangu mara ya kwanza alinikuta naoka mbao kwenye oveni yake ya keki, hayo mengine tuyaache.

Sasa hivyo vipepeo. Hapa ndipo picha ilipokudanganya. Kipepeo hakizuii ubao kusinyaa, kazi yake ni kushika ufa ambao tayari upo kwenye ubao mkavu usiendelee kukimbia. George Nakashima alikuwa anachukua slabu yenye ufa au tundu ambayo mwingine angeitupa, imekaa ghalani muda mrefu mpaka imemaliza kutembea, ndo anaweka kipepeo pale panapohitaji kushikwa. Wewe umeviweka kwenye ubao mbichi, ni sawa na kumfunga bandeji mtu mzima halafu unamsukuma kwenye ngazi. Na epoksi ni hivyohivyo, inajaza, haishiki ubao wenye nia ya kusogea.

Meza inaokoleka? Mbao yenyewe ndio, meza kama ilivyo hapana. Ifungue kwenye fremu leo hii, kwangua vanishi pande zote mbili, ipange kivulini kwenye fito ikae miezi sita au nane huku unaipima uzito kila mwezi, ikiacha kupungua ichane palepale kwenye ufa, randa, unganisha. Utapata meza nyembamba zaidi lakini tulivu. Na safari hii kwenye fremu toboa matundu marefu kama maharage, sio ya duara, yaende kwa upana wa meza, bolti ya katikati ndo ibane kabisa, za pembeni zibane kiasi cha kuruhusu ubao uteleze. Vanishi ipige chini na juu sawasawa, watu wanasahau chini kwa sababu haionekani, halafu upande mmoja unanyonya unyevu mwingine haunyonyi.

Mteja mimi ningemrudishia. Najua laki nne na nusu kwa karakana ndogo ni pigo, kodi inakusubiri, lakini kosa ni letu sio lake, na Arusha ni mji mdogo kuliko unavyofikiri. Kuna njia mbili za heshima. Unaweza kumwomba umlipe kwa mafungu mkaandikiana, au unamwambia ukweli wote kama ulivyoniambia mimi na unamtengenezea nyingine ya mbao nyembamba za mninga zilizounganishwa, upana wa sentimita 10 mpaka 12 kila moja. Mninga unasifika kwa kusinyaa kidogo sana, ndo maana wazee waliupenda. Hii ya pili inakubakizia mteja ila inakula mtaji, mninga sio bei ya grevilea, na ukinunua dai risiti na karatasi za maliasili usije ukanunua kesi. Ambacho sikushauri ni kujaza huo ufa epoksi nyingine na kumrudishia. Itapasuka tena pembeni ya hapo na safari hiyo utakuwa umemdanganya.

Haya, tuje kwa fundi wako na wazungu wake.

Kwanza mpe shikamoo zangu. Pili mwambie kwa adabu kwamba Nakashima hakuwa mzungu, alizaliwa Marekani mwaka 1905 wazazi wake Wajapani, na Sam Maloof naye wazazi wake walitoka Lebanoni. Na hilo la mashine ndo linanifanya niwapende zaidi. Nakashima alikuwa msanifu majengo aliyesoma, amefanya kazi Tokyo, amefanya kazi India, halafu vita ya pili ya dunia ikaja, Wajapani wa Marekani wakakusanywa makambini, yeye na mke wake na binti yao mchanga wakapelekwa kambi ya Minidoka huko Idaho jangwani. Huko akakutana na seremala aliyefunzwa kijapani, Gentaro Hikogawa, akawa mwanafunzi wake. Msomi wa chuo kikubwa anashika patasi chini ya seremala, mbao zenyewe za kuokoteza na vichaka vya jangwani. Alipotoka mwaka 1943 alianzia kwenye shamba la bosi wake wa zamani huko Pennsylvania, anahudumia kuku. Yaani hiyo meza unayoiona inang'aa kwenye simu yako ilianzia kwenye mabaki ya mbao na banda la kuku. Binti yule mchanga ndiye Mira, ambaye alikuja kuendesha karakana baada ya baba kufariki mwaka 1990.

Maloof naye samani zake za kwanza alitengeneza za nyumba yake mwenyewe maana hawakuwa na hela ya kununua, kwa mbao za kuokota. Mpaka anakufa 2009 alikuwa anajiita seremala tu, na huyu ni mtu aliyepewa tuzo ya MacArthur mwaka 1985, fundi wa kwanza kuipata. Walimfuata wenye viwanda wanataka kuchapa viti vyake kwa maelfu akakataa. Msumeno wa mkanda alikuwa nao, na alikuwa anakata nao kwa kuukamatia ubao hewani, kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa anawaonya watu wasijaribu, na mimi nakuonya pia, vidole havioti. Lakini ule ulaini wa kiti chake unatoka kwenye tupa na msasa. Tupa unayo. Ninayo mimi. Anayo mzee wako.

Wa tatu nataka umjue maana hujamtaja, James Krenov. Alizaliwa Siberia mwaka 1920, akakulia Alaska na Seattle, useremala akajifunzia Sweden kwa Carl Malmsten, na kuanzia 1981 akawa anafundisha chuo kimoja huko California. Huyu wanafunzi wake walikuwa wanaanza kwa kutengeneza randa yao wenyewe ya mbao. Usicheke! Nilitengeneza moja mwaka 2003 kwa kipande cha mbao ya loliondo na wembe wa randa ya zamani iliyovunjika mwili, siku ya kwanza ilitoa maranda mazito kama magamba, nikailaani nikaiweka. Wiki iliyofuata nikanoa upya, nikasawazisha tumbo lake kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, nikagonga wembe kidogo kwa nyundo ndogo, tak, nikasukuma, likatoka randa moja refu jembamba mpaka ukiliweka juu ya gazeti unasoma herufi. Ubao ukabaki unang'aa bila msasa. Ile ndo siku nilielewa kwa nini watu wanamfuata yule mzee, na haikunigharimu hata shilingi elfu kumi.

Kwa hiyo usiache kuwaangalia, ila badilisha unavyowaangalia. Fundi wangu mimi, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia moja ilikuwa inaniaibisha sana. Tukienda kwa mtu, hata kwenye msiba, akikaribishwa kiti kwanza anakipindua kichwa chini. Anapitisha kidole gumba chini ya kikalio, anaangalia mguu umeingiaje, ulimi, ile ncha ya mguu inayoingia kwenye tundu, umepita mpaka nje au umeishia ndani, kuna kabari au ni msumari, halafu anakirudisha anakaa kimya kama hajafanya kitu. Mimi natamani ardhi ipasuke. Baadaye nimekuja kufahamu kwamba kila kitu alichojua alikitoa huko chini. Picha za simu hazioneshi chini, ndo shida yake, zinaonesha meza jinsi inavyotaka kuonekana. Kwa hiyo ukiona kazi ya Nakashima jiulize slabu imeshikwaje kwenye miguu, ukiona kiti cha Maloof tafuta picha ya pale mguu unapokutana na kikalio, pale pametobolewa mfereji kwenye kikalio na mguu umekatwa ngazi ukaingia ukang'ang'ania pande mbili, ndo gundi na skrubu zikafuata. Ule mkunjo laini unaouona juu ni nyama iliyobaki baada ya kiungo, haukuwekwa kwa urembo.

Na kwa mtu mwenye zana chache kama wewe anza na Paul Sellers wa Uingereza, anafundisha kwa video na zana za mkono chache tu, kuna mahali anatengeneza randa ya kusawazisha mifereji kwa kuchomeka patasi kwenye kipande cha mbao. Kiingereza chake cha polepole, na hata usipoelewa angalia mikono.

Kuhusu wizi. Hans Wegner, Mdenmaki, mtoto wa fundi viatu, alianza kujifunza useremala ana miaka 14. Mwaka 1949 alichora kile kiti chenye mgongo wa herufi Y ambacho kikalio chake kinasukwa kwa kamba ya karatasi kama mita 120, na wazo lake lilitokana na viti vya kale vya Kichina. Mwenzake Børge Mogensen mwaka 1947 alitoa kiti kilichotokana na viti vya Washaker, watu wa dini huko Marekani walioishi maisha ya bila makuu. Thomas Chippendale ndo kabisa, mwaka 1754 alichapisha kitabu cha michoro yake London na mafundi wakawa wanakinunua na kutengeneza kwa kukifuata. Ufundi umekuwa hivyo siku zote, mtu anachukua kwa mwenzake. Mwizi ni yule anayechonga kiti cha Wegner akakiuza kama ni cha Wegner, au anayeweka picha ya kazi ya mtu kwenye ukurasa wake anasema ni yake, na hao Arusha wapo unawajua. Wewe kwa mteja sema wazi, hii nimejifunza kwa fulani nikaibadilisha hapa na hapa. Ukifika siku ya kutengeneza kwa mamia na kupeleka nje, hapo ongea na mwanasheria au BRELA, wale wa usajili wa biashara, mimi sio fani yangu.

Wegner huyohuyo nina kisa chake nakipenda. Kiti chake kingine cha 1949, kile ambacho Kennedy alikalia kwenye mdahalo wa televisheni mwaka 1960, mwanzoni mgongo wake ulikuwa umezungushiwa kamba ya henzerani ili kuficha viungo. Baadaye akaiondoa kamba, akakiunda kiungo upya chenye meno kama ya msumeno, akakiacha wazi kila mtu akione. Nafikiri hapo alikuwa ameshaanza kujiamini.

Ila mzee wako ana hoja moja na nusu, usimtupe. Nusu ni ile ya mbao, kweli mbao zao sio zetu, walnati ya Pennsylvania haina tabia ya mkaratusi wa Ngaramtoni, na mkaratusi ukiuchezea unajikunja mpaka unakutisha. Nzima ni kwamba tuna ya kwetu ambayo hatuiangalii. Umeshaona kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo? Miguu mitatu daima inagusa chini yote, wa nne ndo unaleta kelele. Ukienda Zanzibar simama mbele ya mlango mkubwa uangalie ule mti wa katikati uliochongwa, mfaa, wageni wanapiga picha maua yake, wewe angalia kwamba umefungwa kwenye ubawa mmoja na umelalia mwingine, mlango usinyae au uvimbe pengo la kati haulioni. Shida yangu ya Marangu watu wa pwani walishaimaliza kitambo, mimi nilikuwa sijaangalia tu. Na hapa nyumbani mringaringa umejaa kwenye vihamba, unarandika kama siagi, una rangi nzuri, sisi tumezoea kuuchongea mizinga ya nyuki.

Sasa kiti cha bibi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usichukue oda hiyo kwa sasa, au ichukue kwa masharti ya muda mrefu. Meza ikipasuka mtu anakasirika, kiti cha kutikisika kikiachia na bibi yuko juu ni nyonga, na nyonga ya mtu mzima mara nyingi ndo mwanzo wa kitanda. Ile miguu ya upinde Maloof aliitengeneza kwa kugandisha vipande vyembamba kwenye fomu, ili nyuzi za mbao zifuate mkunjo. Ukiukata upinde kwenye ubao mmoja, kwenye ncha nyuzi zinakuwa fupi zinakatiza, hapo patavunjika kama biskuti. Halafu kuna mkunjo wenyewe, ukikaza sana kiti kinapindukia nyuma, ukilegeza sana hakirudi, wengi wanachora duara la kamba ya mita moja na kidogo kutoka katikati, lakini hata hapo inategemea mgongo umelala kiasi gani na anayekaa ana uzito gani.

Mwambie mama ukweli, unataka miezi minne. Kwanza tengeneza stuli mbili za kawaida zenye ulimi na tundu, bila msumari, zikae zimekaliwa. Halafu kiti cha kawaida chenye mgongo. Halafu ndo kiti cha kutikisika kizima cha paini ya bei rahisi, kipakie mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kila mmoja ukitikise mamia ya mara, siku tatu, sikiliza. Kikilia kwenye kiungo chochote hakiendi kwa bibi. Kama mama hawezi kusubiri mwelekeze kwa mwingine, atakuheshimu.

Kuna vitu pia siwezi kukufundisha kwa maandishi. Kukausha mbao kwa tanuri na kunoa misumeno ya mashine nenda kaone kwa macho, Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko hukuhuku Moshi na ndo kazi yao, na VETA wana kozi fupi za useremala, hata ukienda siku moja kuuliza hawakufukuzi. Kama unatumia mashine ya kuchania ambayo hujaonyeshwa na mtu, izime mpaka uonyeshwe. Na ukiwa unapata kikohozi kisichoisha au pua kuziba kila ukichana mninga au mvule nenda hospitali, waambie kazi yako ni vumbi la mbao, usijinunulie tu dawa dukani.

Hiyo slabu ukishaifungua kata kipande cha kama upana wa kiganja, sentimita 20 kutoka kichwani, kifunge kwenye mfuko wa nailoni kisikauke njiani, panda basi la asubuhi uje nacho. Mizani ninayo. Oveni ntaiombea ruhusa.